Saa Moja kwa Ajili ya Duifje

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya mwaka wetu mpya wa Kiyahudi, mimi na baba yangu tulipanda treni ya asubuhi kutoka Amsterdam kwenda Oudenvoort, mji mdogo alikozaliwa. Tukifika, mimi niliingia katika jumba la makumbusho la Wayahudi. Yeye alibaki nje, kwenye benchi la mawe ng'ambo ya barabara, na chupa yake ya chai na mayai mawili ya kuchemsha.

Jumba hilo lilikuwa sinagogi. Baba alijifunza kusoma humo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hawakurudi watu wa kutosha kusali ndani yake, likawa ghala la viazi, hadi mji ulipolikarabati na kuweka humo vitu vyetu: vinara, shali za sala, picha za watoto wa shule. Katika ukuta wa mashariki waliweka mtungi mdogo wa shaba. Mna majivu ndani yake, yaliyoletwa kutoka kambi ya mauaji na mtu mmoja aliyetoka huko akiwa hai.

Kwa sababu ya mtungi huo baba hakuingia. Sisi akina Kats ni ukoo wa makuhani, na kuhani hakai chini ya paa moja na maiti. Hata makaburini baba husimama nje ya geti, akiwazika rafiki zake kwa macho tu. Sisi wanawake sheria hiyo haitufungi. Basi kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa naingia badala yake, na nikitoka ananihoji kama karani wa mahakama.

"Nguzo ya tatu ipo?"

"Ipo, baba."

"Na jina langu nililolichonga utotoni, kwa chini?"

"Lipo. Mwaka huu wameliwekea kioo."

"Nilipigwa kofi kwa jina lile, na sasa wanaliwekea kioo," alisema. "Mimi ndiye kitu pekee cha makumbusho yao ambacho bado kinakula mayai."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Watu walimjua Elkan Kats kwa utani wake. Ni mimi tu niliyejua kwamba swali la mwisho, kila mwaka, lilikuwa moja, na kwamba hakulitania. Aliuliza kama wameleta kitu chochote cha Duifje.

Duifje alikuwa dada yake, shangazi yangu ambaye sikupata kumwona. Alikuwa na miaka kumi na sita pale baba alipokuwa na minane. Siku ya Jumatatu, wiki ya kwanza ya Septemba, mwaka wa tatu wa vita, alimpakia baba kwenye baiskeli akampeleka shambani kwa watu waliokubali kumficha, kisha akarudi mjini kuwasaidia wazazi. Jumatano wazazi walichukuliwa. Majina yao baba aliyaona baada ya vita kwenye orodha ya waliouawa, na tarehe zao, na kila mwaka huwawashia mshumaa. Jina la Duifje halikuwamo katika orodha yoyote.

Tena kulikuwa na kitambaa. Duifje alikuwa anadarizi kitambaa cha kufunikia mikate ya Sabato. Baba aliporudi katika nyumba yao akiwa na miaka kumi na mmoja, akakuta wamechukua hata vitasa vya milango, alikitafuta kitambaa kile mahali Duifje alipokificha, chini ya ubao wa ngazi. Hakikuwapo. Na hakuna mtu mwingine aliyejua mahali pale. Kwa hiyo Duifje alikichukua mwenyewe. Mtu anayekwenda kufa, baba alisema, habebi kitambaa na sindano.

Juu ya hilo alijenga maisha yake yote. Hakumsalia Duifje sala ya wafiwa hata mara moja. Hakukubali kuondoa simu ya mezani, kwa sababu jina lake lilikuwa katika kitabu cha simu, na mtu akitafuta Kats, E., atalikuta. Kila mwaka alimwongezea dada yake umri. Nilipokuwa mdogo Duifje alikuwa mwanamke wa makamo huko Ajentina, ameolewa na daktari wa meno mwenye wivu. Baadaye akawa mjane. Mwaka huo ninaousimulia alikuwa ametimiza themanini na mitano, yuko katika nyumba ya wazee, anawasumbua wauguzi kwa sababu ya supu.

"Hajambo tu," baba aliniambia kwenye treni asubuhi ile. "Ila magoti."

Nilifungua mlango wa jumba saa nne. Marleen, mwanamke kijana anayelitunza, alinikumbatia, akaniuliza habari za baba, kisha akasema kuna kabati jipya la kioo upande wa kushoto. Nyumba moja hapo mtaani ilisafishwa baada ya mwenyewe kufa, na mjukuu wake ameleta vitu.

Nilikiona kabla sijafika karibu. Kitani nyeupe iliyogeuka rangi ya chai. Katikati mikono miwili iliyoinuliwa, vidole vimeachana viwili viwili, ishara ya ukoo wetu, ile ile iliyochongwa kwenye makaburi ya makuhani. Mkono wa kushoto ulikuwa umedariziwa kwa uzi wa buluu. Wa kulia ulikuwa mstari wa penseli tu, na penye kidole gumba sindano ilikuwa bado imechomekwa, ina kutu, na kipande kifupi cha uzi.

Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kwa ndani.

Nakijua kidole hicho. Kimenishika njia nzima ya utoto wangu. Kilibanwa na mlango wa stoo ya makaa baba alipokuwa na miaka saba, kikaunga vibaya. Babu yangu hakukubali mikono yake ya baraka ichorwe, kwa sababu kwetu makuhani wanapobariki watu mikono hufunikwa na shali, na sisi tunaobarikiwa huficha nyuso. Duifje akalaza mikono ya mdogo wake juu ya kitani, akaizungushia penseli.

Kwenye kibandiko waliandika: Kilihifadhiwa na jirani. Aliyekitengeneza hajulikani.

Nilishika ukingo wa kabati. Nilimwomba Mungu anipe neno la kusema, na alipokawia, nilimwomba aniondolee kazi hii kabisa. Ningeweza kutoka nje na kusema hakuna kipya, wameongeza vinara viwili. Baba angekula yai lake la pili, na Duifje angebaki na magoti yake na supu yake. Nani angemhukumu binti kwa hilo? Nilimwuliza Marleen ni jirani gani.

Alikuwa Bibi Wolters, wa nyumba yenye madirisha ya kijani. Aliacha barua pamoja na furushi. Marleen alinitolea nakala, na nikaisoma nikiwa nimesimama.

Bibi Wolters aliandika kwamba Alhamisi ya wiki ile msichana wa akina Kats aligonga mlango wake wa nyuma. Bibi Wolters alikuwa na mtoto mchanga, na mume wake hakuwapo. Alifungua upana wa kiganja tu. Aliandika, "Msichana hakuomba kuingia, ingawa labda aliomba na mimi nimeamua kutokumbuka." Alipitisha furushi kwenye ule mwanya, akasema ni la mdogo wake, atakuja kulichukua. Bibi Wolters alifunga mlango. Akapanda juu, akatazama kwa dirisha. Msichana alikuwa bado amesimama pale nje, kama mtu aliyesahau jambo. Ndipo lori likakunja kona, na askari wawili wakashuka, wakamchukua.

Barua ilimalizika hivi: Yule mdogo wake huja kila mwaka na kukaa kwenye benchi mbele ya nyumba yangu. Namwona kwa dirisha. Kila mwaka nasema nitashuka. Naogopa ataniuliza kwa nini sikufungua.

Nilitazama nje. Baba alikuwa anamenya yai, akiweka maganda ndani ya leso, mgongo wake umeelekea madirisha ya kijani.

Nilitoka. Nilikuwa na barua mkononi, na baba aliona uso wangu.

"Wameleta," alisema.

"Wameleta kitambaa, baba."

Kwa muda mfupi uso wake ulifurahi. Nitaukumbuka uso ule hadi siku yangu ya mwisho, kwa sababu alidhani mtu amekituma kutoka Ajentina. Kisha nilimpa barua. Hakuwa na miwani, ikabidi nimsomee mimi, pale benchini, huku watu na baiskeli wakipita. Nilipofika mwisho aligeuka polepole akayatazama madirisha ya kijani. Mapazia yalikuwa yameshaondolewa. Ndani palikuwa patupu.

"Angeshuka tu," alisema. "Ningempa chai."

Baada ya hapo alihesabu kwa vidole, nikajua anahesabu kalenda yetu. Alhamisi ile, siku ya mwisho Duifje alipoonekana, ilikuwa tarehe ishirini na moja ya Eluli, mwezi wa mwisho wa mwaka wetu. Siku hiyo mwaka huu ilikuwa imepita siku tano tu nyuma. Ilikuwa Jumanne, naye, bila kujua, alikuwa kwa kinyozi.

Marleen alikuja kutoka ndani, ameelewa. Alichutama mbele ya baba, akasema kwa upole, "Bwana Kats, nitakifungua kioo. Nitakuletea hapa hapa benchini. Hakuna atakayenikataza."

Ilikuwa njia nyepesi, na nilimshukuru. Baba alitikisa kichwa.

"Asante, mwanangu. Huyu alishasimama nje ya mlango wa watu mara moja. Hatatolewa nje tena. Mimi ndiye nitaingia."

Nilimkumbusha mtungi. Alisema hajawahi kuusahau hata dakika moja, kisha akaomba simu yangu. Alimpigia Rabi Hamel wa Amsterdam, rafiki yake wa miaka mingi, ambaye humshinda katika sataranji na kushindwa naye katika kila jambo lingine. Simu yangu ina sauti kubwa, nikasikia pande zote mbili.

Rabi alisikiliza yote. Kwanza aliuliza kama yule mama aliona kwa macho yake mwenyewe. Akasema wanawake ambao waume zao walipotea wameruhusiwa kuolewa tena kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Halafu akamwambia aingie bila hofu, kwa kuwa wako wakubwa wa sheria waliosema kwamba mwili ukishateketea kabisa, majivu yake hayamtii kuhani unajisi. Amekuwa akimwambia hivyo tangu zamani.

"Miaka thelathini na miwili nimekaa kwenye jiwe," baba alisema, "kwa sababu yale si majivu ya jiko. Leo, kwa kuwa nina haja, niyaite majivu ya jiko?"

"Basi utaingia kwa njia gani, Elkan?"

"Kwa njia ya dada. Kuhani anaruhusiwa kujinajisi kwa dada yake ambaye hajaolewa."

Rabi akasema taratibu kwamba ruhusa hiyo ni kwa maiti iliyo mbele yako, unayokwenda kuizika. "Hatujui kama yumo mle, rafiki yangu."

"Hatujui kama hayumo."

"Na ukiingia kwa njia hiyo," Rabi akasema, "unajua unasema nini kumhusu."

Baba alinitazama mimi. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ninasema amekufa," alisema. "Na kwamba hakuolewa. Yule daktari wa meno nilimtunga mimi."

Sikusikia Rabi alijibu nini, kwa maana alijibu kwa sauti ya chini sana. Nadhani alikuwa analia. Mwisho alieleza jambo ambalo baba alilijua, lakini inafaa mtu alisikie kwa mwingine. Habari ya kifo ikikufikia ndani ya siku thelathini, unakaa chini siku saba. Ikikufikia baada ya hapo ni habari ya mbali, na maombolezo yake ni saa moja. Kwa dada huchani nguo kama kwa mzazi. Unavua viatu, unakaa chini, saa moja, unainuka.

"Miaka sitini na tisa," baba alisema, "na sheria inanipa saa moja."

"Itumie yote," Rabi akasema.

Tulivuka barabara. Pale mlangoni kuna ngazi mbili za kushuka, na miguu yake ilizikumbuka kabla ya macho. Hakuangalia nguzo ya tatu, hakutafuta jina lake. Alipita mbele ya ukuta wa mashariki, akasimama mbele ya mtungi, akauinamia kidogo, kama mtu anavyomsalimu jirani ambaye wamekaa muda mrefu bila kusemeshana. Kisha akaenda kushoto.

Mbele ya kabati alivua viatu, akavipanga pamoja. Marleen alitaka kuleta kiti, nikamzuia. Baba alikaa sakafuni, miguu ameikunja kwa shida, soksi yake moja ina tundu kisigino ambalo nilikuwa nimeahidi kulishona. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Kwetu anayekuja kumfariji mfiwa hasemi mpaka mfiwa aseme. Marleen si mmoja wetu, lakini amekaa miaka mingi na vitu vyetu, akajua. Aligeuza kibao cha mlangoni kuonyesha pamefungwa, akaja kukaa upande wa pili, mgongo ukutani, mikono mapajani. Sala ya wafiwa hutaka wanaume kumi, na katika Oudenvoort nzima alikuwapo mmoja, naye ndiye mfiwa. Kwa hiyo hatukusali kwa sauti. Mimi nilisali moyoni. Sikuomba kitu. Nilimwambia Mungu tu kwamba tupo hapa, kwamba atutazame, asifiche uso.

Robo saa ikapita kabla baba hajasema.

"Alikuwa anakata uzi kwa meno. Mama alimgombeza kila siku. Alimwambia utakuwa bibi arusi kibogoyo. Kule shambani, alipokuwa anapanda baiskeli, nililia. Akaniambia, wewe usilie, nitamaliza mkono wako wa pili kabla hujarudi. Ukirudi nitaupima, nione kama umekua."

Baadaye alisema, "Kwa hiyo hakukichukua. Alikileta kwa mtu, kwa ajili yangu. Mimi nikafikiri amekwenda nacho."

Na baadaye sana, nusu saa imepita, "Nilikuwa na hasira naye, Judith. Hukujua. Miaka mingi. Kwamba anaishi huko na hapigi simu."

Hilo sikulijua. Nilikuwa nimekula naye meza moja karibu miaka hamsini. Nilitaka kumgusa bega, nikaogopa kwamba nikimgusa atanyamaza. Yeye alijiinua kwa magoti mpaka uso wake ukawa sawa na kitambaa, akainua mkono wa kulia, akatenganisha vidole kama anavyovitenganisha chini ya shali siku za sikukuu, akauweka juu ya kioo, mahali pa mstari wa penseli.

Maisha yangu yote nimefunika uso mbele ya mikono ile. Siku hiyo niliutazama ule mmoja. Ulikuwa na madoa ya uzee, na uliufunika mchoro wote kwa pande zote, kama godoro linavyofunika kitanda cha mtoto. Kidole kidogo tu ndicho kilichofuata mstari. Kilipinda pale pale ulipopinda.

"Haya, dada," alisema. "Pima."

Marleen aliinuka akaenda dirishani.

Saa saba kasoro dakika kumi nilimwambia baba saa imefika. Aliniomba nihakikishe. Nilihakikisha. Aliomba dakika moja zaidi, kisha akasema hapana, sheria ni sheria, akanyoosha mkono nimwinue. Nilimvisha viatu mimi, kwa maana hakuweza kuinama tena. Mlangoni Marleen alimwuliza aandike nini kwenye kibandiko. Baba alimtajia jina zima, na mwaka wa kuzaliwa, na ile Alhamisi. Marleen aliuliza kama aongeze kazi yake au chochote alichokuwa.

"Andika alikuwa na miaka kumi na sita," baba alisema. "Mimi ndiye nilimzeesha."

Kwenye treni hakutania. Alishika kile kidole chake kwa mkono mwingine kutoka Oudenvoort hadi Amsterdam, na mara moja tu aliniuliza kama nadhani atafika Eluli ijayo, ili amwashie mshumaa kwa siku yake. Nilisema Mungu akipenda. Akasema ndiyo, akipenda.

Nyumbani niliweka maji ya chai jikoni. Niliporudi sebuleni alikuwa amepiga magoti pembeni ya meza ndogo, akiuchomoa waya wa simu ukutani. Aliuzungusha kwenye kiganja chake taratibu, mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayekunja uzi wa kudarizia, mpaka ukaisha. Kisha akaiinua ile simu kwa mikono miwili, akageuka, akaniuliza tuiweke wapi.

Sikujua. Tulisimama pale, na maji yakachemka, na hakuna aliyekwenda kuyaepua.